Kujifunza kwenye chungu cha mwenzio bila kukiiga

Mfinyanzi akivutiwa na kazi ya mwenzake, mkono wake hukimbilia umbo. Ameona kwenye simu mtungi wenye shingo ndefu na tumbo pana, anaketi na udongo wake wa Pemba, anaufuata mstari kwa mstari. Mtungi unasimama vizuri, unaanza kukauka, na siku ya tatu ufa unatokea pale shingo inapokutana na bega. Aliyefinyanga ule mtungi wa kwenye picha alikuwa na udongo mwengine, moto mwengine na hewa nyengine, na umbo lake lilikuwa jawabu la hayo yote matatu.

Kinachofaa kuchukuliwa ni uamuzi wake. Kwa nini ukingo umepinda kwa nje? Kwa nini kitako ni cha duara? Kwa nini nakshi imekaa shingoni na tumbo likaachwa tupu? Uamuzi unasafiri, na unaweza kuujaribu Wete au Makunduchi hata kama ulifanywa Nigeria. Chukua mmoja tu kwa kila chungu. Ukichukua mitatu kwa pamoja na chungu kikaharibika, hutajua ni upi uliokiharibu.

Vilivyo karibu kwanza

Anza na chungu cha jikoni, kile cha kupikia mchuzi. Kitako chake cha duara kinakaa kwenye mafiga matatu, na hakina pembe hata moja. Pembe ndipo mahali joto la chini na ubaridi wa ubavuni vinapovutana, kwa hiyo chungu chenye kitako bapa na kona kali hupasuka pale pale kikitiwa moto. Ukuta wake ni wa unene mmoja, milimita 6 hadi 8, na udongo wenyewe una chembe kubwa. Chembe hizo huzuia ufa mdogo usiendelee. Mtu anayetaka kufanya vyombo vya kuingia motoni atapata humo mengi kuliko kwenye picha mia za vyombo vya mapambo.

Ukimpata mfinyanzi mtu mzima anayefanya kazi, nenda kwa adabu ya kawaida: piga hodi, toa shikamoo, keti, subiri mpaka Bi mkubwa mwenyewe aanzishe habari ya udongo. Wengi wa wafinyanzi wetu wa mkono ni kinamama wa makamo na zaidi, na huonesha zaidi kuliko wanavyoeleza. Tazama kidole gumba kiko ndani au nje ya ukuta, tazama anaongeza maji mara ngapi (kwa kawaida ni mara chache kuliko anayejifunza), tazama anaacha chungu kipumzike muda gani kabla ya kupandisha kamba nyengine ya udongo. Maswali matatu yanatosha kwa siku: udongo unachimbwa wapi, unachanganywa na nini, na anajuaje kuwa umekauka. Picha ni kwa ruhusa. Nunua chungu kimoja kizima cha kutumia, na kama anacho kilichopasuka, kinunue hicho pia.

Kilichopasuka ni skuli nzima. Kipasue kwa wima, kutoka mdomoni hadi kitakoni, utazame ule mkato. Utaona unene unavyobadilika, mahali kamba za udongo zilipoungwa, na ukubwa wa chembe. Ukikuta kiini cheusi katikati ya ukuta na wekundu pande mbili, moto ulikuwa wa haraka au hewa ilikuwa chache, masalia ya mimea yaliyomo ndani ya udongo hayakuwahi kuungua yakaisha. Kwa chungu cha kupikia si kasoro kubwa. Kwa chombo unachotaka kiwe na rangi moja safi, ni onyo.

Baada ya jikoni, nenda kwenye vya kale. Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Vyombo vya kaure vya mababu bado vimo kwenye zidaka za baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe, na misikiti na makaburi ya kale ya mwambao yalipambwa kwa mabakuli ya Uchina na Uajemi yaliyozamishwa ukutani. Unguja Ukuu, na Tumbe kule Pemba, kumechimbuliwa vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 vyenye nakshi ya pembetatu zilizochorwa shingoni na kujazwa mistari ya mshazari. Nakshi hiyo hiyo imeonekana mwambao mzima, Kenya mpaka Msumbiji. Ukitembelea magofu kama Ras Mkumbuu utaona vigae ardhini. Vitazame, vichore, viache pale pale. Kuviondoa kunakatazwa, na kigae kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtafiti kitu tena.

Namna ya kutazama

Unahitaji daftari, penseli, rula, uzi wa nusu mita, na mizani ya jikoni kama umeruhusiwa kukishika chombo.

Kishike kwa mikono miwili, macho umefumba, kabla ya kukichora. Uzito uko wapi? Chungu kizuri mara nyingi huonekana kizito kuliko kilivyo. Pitisha kidole ndani ya ukingo, halafu kigeuze utazame chini, maana chini ndipo mfinyanzi asipoficha kitu: alama za kisu, mchanga uliogandia, kidole kilichoteleza. Kigonge taratibu kwa ukucha. Sauti kama ya kengele ni ya moto mkali na udongo ulioshikana. Sauti fupi ya kukatika ni ya moto mdogo, au ya ufa usiouona.

Sasa chora nusu tu. Piga mstari wa wima katikati ya ukurasa. Upande wa kulia chora umbo la nje, upande wa kushoto chora mkato wa ukuta. Kisha pima vitu vinne: urefu wote, upana wa mdomo, upana wa tumbo, na tumbo liko juu ya kitako kwa kiasi gani. Kila kipimo kigawe kwa urefu. Mtungi wa sentimita 30 wenye mdomo wa 12 na tumbo la 27 lililokaa kwenye sentimita 13 unakupa 0.4, 0.9 na 0.43. Nambari hizo ndizo umbo, bila ya ukubwa. Ukitaka chombo cha sentimita 15 chenye mkao ule ule, mdomo ni 6, tumbo 13.5, na tumbo likae kwenye 6.5. Kisha badilisha nambari moja kwa makusudi, uteremshe tumbo hadi 0.3 kwa mfano, uchore tena. Hapo ndipo chombo kinapoanza kuwa chako.

Picha ya kwenye simu inaweza kupimwa hivyo hivyo kwa rula juu ya kioo, lakini angalia ilipigwa kutoka wapi. Iliyopigwa kutoka juu hutanua mdomo na kubana kitako, na mfinyanzi anayeifuata huishia na chombo kinachoanguka kikiguswa. Tena picha haina uzito, haina ndani wala chini. Tafuta picha tatu za kazi hiyo hiyo kabla ya kuiamini.

Wawili wa kutazama kwa makini

Ladi Kwali, mfinyanzi wa kabila la Wagbari wa Nigeria aliyefariki 1984, ndiye aliyemo kwenye noti ya naira 20. Alijifunza kufinyanga kwa mkono kijijini kwao, kwa shangazi yake, akichora mijusi, nge, mamba na samaki kwenye mitungi ya maji. Mwaka 1954 aliingia kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja, kilichoongozwa na Mwingereza Michael Cardew, akakuta gurudumu la kufinyangia, glezi (ile ngozi ya kioo inayoyeyukia juu ya chombo) na tanuri la moto mkali. Alichukua glezi na moto. Mtungi aliendelea kuujenga kwa mkono, na mijusi yake ikabaki, safari hii ikiwa mistari iliyojazwa udongo mweupe chini ya ngozi ya kioo.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950, akasoma Uingereza, na katika miaka ya 1970 akaenda kwenye kituo hicho hicho, akajifunza kwa Ladi Kwali na wenzake. Tazama alichotoka nacho: kujenga kwa kamba za udongo na kusugua. Nakshi aliiacha yote. Vyombo vyake ni vyekundu au vyeusi, vitupu, vinang'aa bila glezi, na umbo peke yake ndilo linalosema. Mwalimu amejaza mtungi wanyama, mwanafunzi hakuweka hata mstari mmoja, na bado unaona mkono umetoka wapi. Kwa maoni yetu hakuna mfano bora wa jambo hili, na ni bahati kwetu kwamba uko Afrika na umefanywa kwa njia ambazo mfinyanzi wa visiwani anaziweza: mkono, kijiwe na moto.

Ujue udongo wako kabla ya kuazima

Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Chembe ya tumbawe ikipata moto hugeuka chokaa hai, kazi ile ile ya tanuri la chokaa. Chungu kinatoka motoni kizuri. Baada ya siku kadhaa, au wiki, ile chembe imekunywa unyevu wa hewa, imevimba, na inabandua kipande cha ukuta kama sarafu, na chini ya shimo kuna nukta nyeupe. Jaribu udongo mkavu kwa matone ya ndimu au siki: ukitoa mapovu, chokaa imo. Dawa ni kuulowesha mpaka uwe uji na kuuchuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, ili chembe kubwa zibaki. Wako wanaotia chumvi, gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya udongo mkavu, nayo husaidia, ila huacha utando mweupe juu na kuharibu msuguo.

Kwa sababu hiyo hiyo usitie mchanga wa pwani. Mtu anaona kwenye chombo cha mgeni chembechembe zinazopendeza, anateremka ufukweni na ndoo. Mchanga wetu mweupe karibu wote ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na una chumvi juu yake. Tumia vigae vilivyotwangwa: vyungu vilivyovunjika, vilivyokwisha kuchomwa, vilivyopita kwenye chekecheke la unga. Asilimia 10 kwa vyombo vya mapambo, 20 hadi 25 kwa vya kuingia motoni. Mfinyanzi hulia gaeni, na gae lenyewe anaweza kulirudisha kazini.

Pima na kusinyaa. Tengeneza kipande bapa cha urefu wa sentimita 14, chora juu yake mstari wa milimita 100 kamili ukiwa mbichi, kausha, choma, pima tena. Ukisoma 91, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 9, na kila kipimo unachokitaka kigawe kwa 0.91. Chombo cha sentimita 15 kitafinyangwa sentimita 16.5. Watu wengi hulaumu macho yao, kumbe ni hesabu.

Zoezi: chetezo

Chetezo kinafaa kwa kujaribia kwa sababu ni kidogo, kina sehemu mbili tu, kikombe na mguu, kinatumika kila nyumba, na makaa hayasamehe kosa. Tuazime uamuzi mmoja wa Odundo: uso ulio mtupu, uliosuguliwa.

Chukua kilo moja na nusu ya udongo wenye asilimia 20 ya vigae. Finyanga kikombe cha upana wa sentimita 11 na kina cha 4, ukuta milimita 8. Jenga mguu kwa kamba za udongo, urefu sentimita 8, ulio wazi ndani na wazi chini. Uwazi uliozibwa kila upande hukusanya mvuke na kupasuka motoni. Viache vyote viwili mpaka viwe nusu-kavu: ukibonyeza kwa kidole hakididimii, ukikwaruza kwa ukucha alama inabaki. Kwaruza sehemu za kuungana kwa chelewa, pakaza uji wa udongo huo huo, bana, zungushia kamba nyembamba kwenye kiungo na uilainishe. Viungo hupasuka upande mmoja ukiwa mkavu kuliko wa pili, kwa hiyo funika chote kwa kitambaa kibichi chini ya ndoo iliyopinduliwa kwa siku moja ili unyevu ulingane. Toboa matundu sita ya milimita 10, yenye nafasi sawa, chini kidogo ya ukingo.

Sasa msuguo, na hapa usiharakishe. Shika kijiwe laini kilichosuguliwa na maji, ukubwa wa kunazi au tende. Udongo ukiwa bado mbichi, kijiwe kinazama na kuburuta chembe. Ukiwa umekauka kabisa, kinakwaruza na kutoa vumbi. Wakati wake ni pale rangi inapoanza kupauka kingoni lakini katikati bado ni ya giza. Sugua kwa mizunguko midogo, upana wa kidole, ukisogea polepole, bila kuacha kisiwa katikati. Mzunguko wa kwanza hauonekani kitu, ni kulaza chembe tu. Subiri nusu saa, rudia. Mara ya tatu utaona uso unashika mwanga wa dirisha. Ndani ya kikombe usisugue, makaa yatapaharibu, na ukavu wake karibu na ung'aavu wa nje unapendeza.

Ukitaka uso laini zaidi, tengeneza uji mwembamba wa udongo mwekundu: kilo 1 ya udongo mkavu uliochujwa, lita 2.5 za maji ya mvua, gramu 5 za magadi yaliyoyeyushwa kwanza kwenye maji ya moto. Koroga, acha saa 20 bila kuitikisa ndoo. Chembe nzito zitakaa chini. Vuta ya juu kwa mpira mwembamba, ukiacha tope. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, udongo hautajitenga. Pakaza mara tatu au nne kwenye chombo kikavu kabisa, na kila mara sugua kwa kitambaa laini kabla ya unyevu kupotea.

Kausha kivulini siku 7 hadi 10. Wakati wa masika, mara mbili ya hapo. Kiweke shavuni: kikiwa baridi, maji bado yamo.

Kwenye moto wa wazi, pasha kwanza. Kiweke kichwa chini pembezoni mwa makaa saa moja na nusu, ukikigeuza, mpaka mkono usiweze kukishika. Hapo ndipo utie vifuu chini, makumbi pembeni na makuti juu. Moto wa namna hii hufika nyuzi 600 hadi 850, na huo unakufaa: ukipita nyuzi 950 hivi, mng'aro hufifia. Ukiacha moto uishe wenyewe kwa hewa nzuri, utapata wekundu. Ukitaka weusi, vyombo vikiwa bado vyekundu kwa joto, vimwagie unga wa mbao wa kutosha kuvizika, funika kwa pipa la bati, ziba kingo kwa jivu na mchanga, usifunue mpaka kesho asubuhi. Anayechungulia mapema huingiza hewa, na chombo kinatoka na mabaka ya kahawia.

Kuna na njia ya San Ildefonso, New Mexico kule Marekani, ambako mfinyanzi Maria Martinez na mumewe Julian, karibu na mwaka 1919, walianza kuchora kwa uji wa udongo juu ya uso uliokwisha kusuguliwa, kisha wakafukiza moto kwa samadi kavu. Palipochorwa pakabaki pamefifia, penginepo pakang'aa, nyeusi juu ya nyeusi. Ijaribu kwa pembetatu za Unguja Ukuu kwenye chetezo cha pili, si hiki cha kwanza.

Yasiyofaa kuazimwa

Kijani cha kaure za Kichina kwenye makumbusho hutokana na chuma kidogo ndani ya glezi, tanuri lililonyimwa hewa na joto la karibu nyuzi 1,250 au zaidi. Moto wa makuti haufiki hapo. Kupaka rangi ya mafuta ili ifanane ni kuharibu chombo, na kama ni cha chakula ni hatari. Azima kwao kitu chengine: mibonyeo ya petali iliyochongwa nje ya bakuli, au mguu mdogo unaoliinua. Glezi usiyojua imetiwa nini usiitumie kwenye vyombo vya kulia, kwa sababu baadhi zina madini ya risasi.

Nakshi za ukili, mkeka na kofia ya viua ni zetu sote, na mkeka uliokandamizwa kwenye udongo mbichi huacha alama nzuri sana. Kazi ya msanii aliye hai ni jambo jengine. Iige nyumbani ili ujifunze, hata mara kumi, lakini usiiuze kama yako. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003. Chini ya nakala za mazoezi chora herufi moja kabla ya kuchoma, zisije zikachanganyika na za kuuza.

Chetezo kikipoa, tia vijiko viwili vya jivu ndani ya kikombe kabla ya makaa, ili joto lisigonge udongo moja kwa moja. Weka makaa mawili madogo, halafu ubani. Baada ya robo saa, gusa mguu chini kabisa. Ukiwa wa moto kiasi cha kuunguza mkeka, kinachofuata kifanye na mguu mrefu zaidi kwa sentimita mbili, na mengine yote yaache kama yalivyo.